Kuwaandaa kidato cha tatu kwa fildi ya wiki mbili

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari moja jijini Tanga. Likizo ya Juni tunapeleka wanafunzi 42 wa kidato cha tatu, wenye miaka 16 na 17, kwenye fildi ya siku 10 za kazi: gereji, maduka ya jumla, hoteli, ofisi, duka la dawa na shamba moja la mkonge. Mwaka jana walikwenda 38. Sita walirudishwa au waliacha wenyewe kabla ya Ijumaa ya kwanza, na wengine wengi wanasema walikaa tu kwenye kiti. Tuliwafundisha nidhamu, mavazi na kuandika wasifu. Tulikosea wapi? Na aliyerudishwa, apelekwe pengine?

JIBU: Mwalimu, mlichowafundisha si kibaya, ila kinamfaa mtu anayetafuta ajira. Hakuna fundi wa Ngamiani atakayekaa chini kusoma wasifu wa mtoto wa miaka 16. Mwanafunzi wa fildi anakwama siku ya pili au ya tatu kwa sababu zinazojirudia: msimamizi hakujua ampe kazi gani, mwanafunzi hakuelewa agizo akaona haya kuuliza, au alifika saa isiyo yake. Ile ya kwanza ndiyo inayozaa wale waliokaa kwenye kiti, na hapo mwanafunzi hana kosa lolote. Shule ilimwandaa yeye ikasahau kumwandaa anayempokea.

Basi anzeni na anayepokea, na muanze mapema, wiki nane kabla. Kama fildi ni Juni, mnaingia mitaani Aprili, masika au si masika. Barua ya utambulisho isainiwe na mkuu wa shule, nakala iende kwa Afisa Elimu Sekondari wa Jiji, kisha mwalimu aipeleke kwa mkono wake. Barua iliyotumwa na mwanafunzi huishia mapokezi. Na mkifika, msiulize "mnaweza kutupokelea wanafunzi wangapi?" Mtajibiwa "leteni tu watano," na hao watano ndio watakaokaa kwenye kiti. Ulizeni: "Kijana asiyejua kitu akifika hapa Jumatatu saa 2 asubuhi, atakuwa chini ya nani, na huyo atampa kazi gani kabla ya saa 4?" Asiyeweza kujibu swali hilo bado hajawa tayari kupokea mtu. Mshukuruni, mwende mlango wa pili. Kwa gereji ya mafundi wanne, mwanafunzi mmoja anatosha, wawili ndio mwisho.

Palipo na jibu, liandikeni hapohapo kwenye karatasi moja ya kazi. Mwaka jana, nadhani, karatasi zenu ziliandikwa "atajifunza ufundi magari". Hiyo haimsaidii mtu. Inayofaa inasomeka hivi, kwa mfano wa gereji:

Siku ya 1 na ya 2: kutambua spana namba 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19, flati na ringi, kuzipanga ubaoni kila jioni na kuhesabu kama zimetimia.
Siku ya 3 hadi ya 5: kusafisha vipuri kwa dizeli kwenye beseni, nje, akiwa na glavu, kuweka boliti za kila sehemu kwenye kopo lake na kuliandika.
Siku ya 6 hadi ya 8: kubadilisha mafuta ya injini na filta pamoja na fundi, kuandika kiasi kilichotoka na kilichoingia.
Siku ya 9 na ya 10: kukagua upepo wa matairi, maji na mafuta ya breki peke yake, fundi akihakikisha baada yake.
Hafanyi: kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, kuendesha gari hata ndani ya uwanja, kunyonya petroli kwa mpira, kuchomelea.

Angalieni neno dizeli hapo juu. Gereji nyingi huoshea vipuri kwa petroli kwa sababu inakausha haraka. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata hali ya hewa ikiwa ya ubaridi, na mvuke huo hutambaa chini mpaka kwenye mashine ya kuchomelea ya jirani. Dizeli huchelewa kukauka lakini kwa joto la kawaida haiwaki kirahisi hivyo. Jambo dogo kama hili lisipoandikwa, mwanafunzi atafanya anavyoona wenzake wanafanya.

Kwa duka la jumla karatasi itakuwa na mambo mengine: kupokea mzigo na kuulinganisha na ankara, kuhesabu katoni, kuandika leja, kupanga rafu ili kinachokaribia kuisha muda kitoke kwanza. Kwenye "hafanyi" andikeni kwa wino mzito: hashiki droo ya fedha wala simu ya miamala. Hii si kwa kuwa wanafunzi wenu si waaminifu. Fedha ikipungua elfu kumi jioni, mgeni ndiye wa kwanza kutazamwa, na hata ikija kupatikana kesho yake, jina limeshachafuka. Duka la dawa vivyo hivyo: anapanga, anahesabu, anakagua tarehe kwenye maboksi. Dawa hamkabidhi mteja, hata panadoli.

Kuhusu mkonge na viwanda, someni sheria kabla ya kuahidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 mgodini, kiwandani, melini au mahali popote penye mazingira ya hatari. Imeacha mwanya kwa mafunzo, lakini kwa masharti: afya, usalama na maadili ya mtoto vilindwe kikamilifu, na awe amefundishwa au anafundishwa ipasavyo kazi hiyohiyo. Kwa fildi ya siku 10 nisingeutumia mwanya huo kumsogeza mtoto karibu na mashine. Shambani mwekeni kwenye kitalu cha miche, kwenye upimaji wa mistari, kwenye ofisi ya mahesabu, kwenye eneo la kuanikia nyuzi asubuhi. Korona, ile mashine ya kusaga majani kutoa nyuzi, aitazame kutoka mahali alipoonyeshwa na msimamizi, asilishe jani hata moja. Chumba cha brashi, nyuzi kavu zinaposuguliwa, kina vumbi la kukaba kifua. Robota la nyuzi lililofungwa lina kilo 250, kwa hiyo nalo asilisukume. Miiba ya ncha ya jani na utomvu unaowasha ngozi vinatosha kudai buti, suruali ndefu na mikono mirefu hata kwa anayepita tu. Bandarini pia, eneo la makasha na winchi si lake; ombeni ofisi za nyaraka.

Saa nazo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanya kazi usiku, na usiku inaohesabu ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hoteli ndizo zinazosahau, hasa wikendi penye harusi. Pangeni saa sita kwa siku zikiwa na mapumziko, zamu ya mchana tu, na Ijumaa mkubaliane mapema na wasimamizi kuhusu swala. Tanga hii wengi wenu mtaihitaji, na ni aibu ya bure mtoto aonekane ametoroka kumbe yuko msikitini.

Tukija kwa wanafunzi wenyewe, nashauri vipindi sita vya mkupuo, yaani dakika 80 kila kimoja, viwili kwa wiki kwa wiki tatu za mwisho. Vitatu kati ya hivyo ningevitumia kwa jambo moja tu: kupokea agizo.

Watoto wetu wamelelewa vizuri. Mkubwa akisema, unaitikia "ndiyo", huulizi mara mbili. Nyumbani hiyo ni adabu. Kazini "ndiyo" ya asiyeelewa inaharibu mali, na msimamizi akigundua anamwona kijana mjinga au mjeuri wakati alikuwa anaheshimu tu. Dawa yake ni kumfundisha kulirudia agizo kwa adabu ileile. Wakae wawili wawili. Mmoja anatoa agizo lenye hatua tatu ambalo makusudi limekosa kitu kimoja. Mwenzake analirudia na kuuliza kile kilichokosekana. Inakwenda hivi:

"Nenda stoo, hesabu sabuni, uniandikie."
"Sawa mama. Kwa hiyo niende stoo, nihesabu katoni za sabuni, niandike nikuletee. Nihesabu za unga na za mche pamoja, au kila moja mbali?"

Hapo hakuna utovu wa heshima wowote, na dakika 40 zimeokolewa. Wafanye zoezi hili mpaka liwe la kuchosha, maagizo ishirini kwa kila mmoja, tena mengine mwalimu ayatoe haraka haraka, amegeuka pembeni, redio inalia, kwa sababu ndivyo yatakavyotolewa gereji. Kisha waongezeeni kauli tatu za kuripoti: "Nimemaliza, nifanye nini sasa?", "Nimekwama hapa, naomba unionyeshe", na ile ngumu kuliko zote, "Nimekosea, nimevunja hiki." Hiyo ya tatu waitamke kwa sauti mbele ya darasa, kila mmoja. Wengi watacheka. Waacheni wacheke, ila wasikae chini kabla hawajaisema. Kosa lililoripotiwa papo hapo husameheka mara nyingi. Lililofichwa chini ya benchi ndilo linalomrudisha mtu shuleni.

Salamu pia ifundishwe upya, na hili huwashangaza walimu. "Shikamoo" ni lazima, lakini haipigiwi kelele kwa fundi aliyeshika grainda wala mtu haguswi bega kwa nyuma akiwa kwenye msumeno wa meza. Unasimama pale anapoweza kukuona, unasubiri mashine izime, ndipo unasalimia. Mikono ya mtu aliyeshtuka ikiwa karibu na msumeno, msiba hauko mbali.

Kipindi kimoja kiende kwenye saa. Msicheke. Ratiba za zamu katika hoteli na viwanda huandikwa kwa saa 24, na mwanafunzi aliyezoea kusema saa kwa Kiswahili akiona "07:00" karatasini, kichwa kinaweza kumtuma saa saba. Akiona "zamu 06:30" anafikiria saa sita na nusu mchana, wakati alitakiwa saa 12 na nusu alfajiri na msimamizi ameshapiga simu shuleni. Wapeni nyakati ishirini wazigeuze huku na huku: 14:30 ni saa 8 na nusu mchana, saa 10 jioni ni 16:00. Kanuni ya kutoa au kuongeza sita wanaijua, wanachokosa ni mazoea. Kisha kila mmoja aandike kwenye daftari lake saa yake ya kuingia kwa namna zote mbili, na saa ya kutoka nyumbani akihesabu kurudi nyuma: kufika dakika 15 kabla, dakika za kutembea kutoka kituoni, za daladala, na 20 za kusubiri. Anayekaa Sahare na kupelekwa Pongwe anabadili gari njiani. Ajaribu safari hiyo siku moja ya kazi kabla, saa ileile, si Jumapili.

Nauli iwekeni kwenye barua ya wazazi kwa hesabu kamili. Konda humtambua mwanafunzi kwa sare, na mwanafunzi aliyevaa ovaroli wakati wa likizo atadaiwa nauli ya mtu mzima. Tuseme safari moja ni 600: mara mbili kwa siku, siku 10, ni 12,000. Chakula cha mchana tuseme 1,500, ni 15,000. Jumla 27,000, na asiye nayo atatembea kilomita nane akifika amechoka, au atashinda njaa kimya kimya. Shule ijue mapema nani hana, ampange mahali pa karibu na kwao. Wapo wazazi watakaosema ni sawa huku wakijua hawana. Mwalimu wa darasa anawafahamu.

Mavazi sitarefusha. Gereji na karakana: ovaroli isiyolegea, viatu vya kufunika vidole, bila pete wala cheni. Wasichana wanaovaa ushungi wavae mfupi uliofungwa kwa nyuma na kuingizwa ndani ya kola. Mtandio mrefu karibu na kitu kinachozunguka ni hatari kama nywele zilizoachiwa. Kofia ngumu, miwani na glavu ni vya mwenye kiwanda kutoa, na hilo liandikwe. Jambo moja walimu huwa hawalisemi: kutazama moto wa kuchomelea bila kioo, hata kwa mbali. Mchana hatahisi kitu. Usiku, saa kadhaa baadaye, macho yatamwasha kama yana mchanga, na mzazi atadhani ni maradhi mengine. Wakipita karibu na mchomeleaji wageuze uso.

Jikoni hotelini ulizeni mapema habari ya kupimwa afya, maana vipimo na cheti huchukua siku, na mwanafunzi asiye nacho atabaki kufagia.

Simu ikae begini wakati wa kazi, na picha zisipigwe kabisa zahanati, duka la dawa wala ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini mwelezeni mwanafunzi kwa lugha ya mtaani kwao: jina la mgonjwa au deni la mteja uliloliona leo, hata mbele ya mama yako nyumbani hulijui. Tanga mjini kila mtu ni ndugu ya mtu.

Kuhusu usalama wa miili yao semeni waziwazi, wavulana na wasichana pamoja, kisha wasichana peke yao na mwalimu wa kike. Hakuna kubaki baada ya saa za kazi na mtu mmoja. Hakuna kuingia stoo ukafungiwa mlango. Hakuna lifti ya pikipiki ya bosi, hata mvua ikinyesha. Kila mmoja awe na namba mbili za walimu alizozikariri, si zilizo ndani ya simu tu, na ajue namba 116, ambayo ni ya bure na ni ya watoto. Mkubaliane neno la kawaida, kwa mfano "naomba unitumie ratiba ya jiografia": mwalimu akilipokea anakwenda hapo mara moja bila kuuliza sababu kwa simu. Na mwanafunzi aambiwe mapema kwamba akiondoka mahali kwa sababu hiyo, hatahesabiwa mtoro.

Mkumbuke pia kuuliza, kwa maandishi, nani atalipa mwanafunzi akiumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya wafanyakazi. Msidhani mwanafunzi wa fildi anaingia humo mwenyewe. Bima ya afya ya familia, kama ipo, nakala ya kadi iwe shuleni.

Kitabu cha kumbukumbu kiwe kifupi, mistari mitano kwa siku, la sivyo vyote vitaandikwa usiku wa mwisho kwa kalamu moja. "Leo nimejifunza mambo mengi" mkatae. Kubalini kama hii: "Nimehesabu katoni za maziwa, zipo 36. Leja inasema 38. Mbili zilitoka jana jioni bila kuandikwa. Kaka wa stoo amenionyesha jinsi ya kurekebisha." Aliyeandika hivyo alikuwa kazini kweli.

Ziara za walimu ndizo mlizopanga vibaya zaidi, kama mnafanya kama shule nyingi: mwalimu anatokea wiki ya pili na fomu ya alama. Mwanafunzi aliyekwama siku ya pili hawezi kusubiri mpaka hapo. Jumatatu ya kwanza saa 5 asubuhi pigeni simu kwa kila msimamizi, swali moja: "Hivi sasa anafanya nini?" Mkisikia "yupo tu hapa", nendeni kesho yake na ile karatasi ya kazi mkononi. Jumatano mwalimu awe amemwona kila mwanafunzi kwa macho. Wanafunzi 42 kwa walimu watatu ni 14 kila mmoja, wanamalizika kwa siku mbili mkigawana kwa upande: mmoja Kange na Pongwe, mmoja Ngamiani na Makorora, mmoja Chumbageni hadi Raskazone. Wa shambani apangiwe siku yake peke yake.

Na wale sita. Ndiyo, aliyerudishwa apelekwe pengine, lakini baada ya kuwasikiliza wawili, mwanafunzi kwanza, bila msimamizi kuwepo. Kama tatizo lilikuwa kuchelewa au kunyamaza, apewe siku moja ya mazoezi ya agizo na saa, kisha mahali papya penye msimamizi mpole na karatasi yake ya kazi. Sababu za kurudishwa msimamizi mpya aambiwe kwa sentensi mbili tu, asihadithiwe. Kama aliondoka kwa kuogopa mtu, mahali hapo pafutwe kwenye orodha mpaka mkuu wa shule ajue kilichotokea, na ikibidi lifike Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kama ni wizi uliothibitishwa, hilo ni la shule na mzazi, fildi imeisha. Kwa hiyo katika orodha yenu ya sasa tafuteni nafasi 42, halafu muongeze nne za akiba zisizo na jina la mtu, na wenye nafasi hizo waambieni ukweli kwamba huenda mkawapigia Alhamisi ya kwanza.